Kijana Anapotaka Kutia Turbo Katika Gari Lake



Ukurasa huu kwa kawaida huwa wa mambo ya shule za watoto, nauli za kwenda nyumbani na maradhi ya watu wazima. Mwezi huu tumeona tuutoe kwa jambo ambalo wazazi wengi hulisikia kwa jirani tu, mpaka siku linapoingia uani kwao wenyewe. Kijana ana gari la spoti, analipenda kuliko chakula chake, na sasa anataka kulitia turbo. Anataka pia fedha za kulitia.

Tunaandika haya baada ya sisi wenyewe kwishalipa. Gari lilikuwa Toyota 86 la mwaka 2013, tulilolinunua hapa Maskati likiwa limekwishatumika. Kijana wetu alikuwa akiendea kazini kutoka Seeb mpaka Ruwi, na siku za mapumziko alilisugua na kulipaka nta kama kwamba linakwenda harusini. Mwezi wa Disemba gereji moja ya mjini ikamfungia turbo iliyoagizwa kutoka ng'ambo, pamoja na faili ya kompyuta ya injini iliyotengenezwa hukohuko ilikotoka. Nusu ya gharama tulitoa sisi. Majira yote ya baridi gari lilikuwa likiruka. Tulipakiwa na sisi, tukacheka na sisi. Hatutaki kujifanya kwamba tulikuwa na busara tangu mwanzo.

Mwezi wa Juni, saa saba mchana, alikuwa njiani kwenda Nizwa na dada yake amekaa kiti cha mbele, kiyoyozi kinafanya kazi. Walipokwishaipita Fanja, pale barabara inapopanda, akataka kulipita lori. Akakanyaga mafuta. Injini ikatoa mlio kama wa nyundo juu ya chuma, mara mbili au tatu, kisha moshi ukatanda nyuma na oili ikamwagika chini ya magurudumu yao wenyewe. Gari likayumba. Alhamdulillahi lori lilikuwa limekwishabaki nyuma, na dereva wake alikuwa mtu mzima mwenye subira. Alipunguza mwendo, akasimama, akawapa maji. Walikaa kivulini mwa lori lake zaidi ya saa nzima mpaka gari la kuwavuta lilipofika.

Fundi mwingine alipoifungua ile injini alikuta konrodi moja imekatika na kuutoboa ukuta wa injini. Hilo tulilitarajia. Tusilolitarajia ni kwamba zile tatu zilizobaki nazo zilikuwa zimepinda, kila moja kwa kiasi chake. Konrodi moja ikikatika, mtu aweza kusema ni chuma kibovu, bahati mbaya, kadari. Nne zikiwa zimepinda zote, basi kuna jambo lililokuwa likiendelea humo ndani kwa muda mrefu, nasi tukalichekea.

Tuanze na maana ya turbo yenyewe, kwani tumegundua kwamba wengi tunaolitaja neno hili hatulijui. Injini ya kawaida huvuta pumzi kwa uwezo wake. Pistoni inaposhuka, nafasi hubaki tupu ndani ya silinda na hewa ya nje huingia kwa msukumo wake wa kawaida, ambao kwa sisi tunaokaa karibu na bahari ni ba moja hivi. Hewa iliyoingia ndiyo inayoamua ni petroli kiasi gani itachomwa, na petroli iliyochomwa ndiyo nguvu. Turbo ni feni mbili ndogo juu ya mhimili mmoja. Moja hupigwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo huizungusha ya pili, ambayo huishindilia hewa ndani. Supachaja hufanya kazi hiyohiyo, ila yenyewe huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye kranki. Ukiongeza nusu ba, kwa hesabu ya karatasini, umeongeza nusu nzima ya hewa. Injini ya lita 2 inakula kama ya lita 3.

Wazo hili si la jana. Mswisi Alfred Büchi aliliandikishia haki yake mwaka 1905, na leo malori karibu yote ya dizeli yanatembea kwa turbo, hata yale yanayotupita usiku kwenda Salalah. Basi ubaya haumo katika turbo. Suala ni injini gani imefungwa turbo, na je, aliyeiunda injini hiyo aliikusudia hivyo?

Hapa ndipo Toyota 86 inapokuwa mfano mzuri. Gari hili lilitoka mwaka 2012 kwa ushirikiano wa Toyota na Subaru. Mhandisi wake mkuu, Tetsuya Tada, alikusudia waziwazi gari jepesi lisilo na turbo. Injini yake, iitwayo FA20, ni ya lita 2, silinda 4 zilizolala, mbili kila upande, na hutoa nguvu za farasi 200 hivi inapofika mizunguko 7,000 kwa dakika. Ili kupata nguvu hizo bila msaada wa feni, wahandisi waliubana sana mchanganyiko wa hewa na petroli kabla ya kuuwasha: mara 12.5. Huo ni mkandamizo mkubwa kwa injini ya petroli.

Sasa tazama walivyofanya Subaru wenyewe walipotaka kutia turbo katika injini ya ukoo huohuo kwa ajili ya gari lao la WRX, lililotoka mwaka 2014. Hawakuchukua ile ya 86 wakaining'iniza feni ubavuni. Waliushusha mkandamizo mpaka 10.6, na sehemu za ndani wakaziunda kwa kazi hiyo. Ilipokuja injini ya lita 2.4 walifanya vilevile: ile isiyo na turbo katika GR86 ina mkandamizo wa 12.5, na ile yenye turbo katika WRX ya mwaka 2022 ina 10.6. Wenye kiwanda, wenye maabara na fedha, mara zote mbili wameona haifai kuacha 12.5 na kushindilia hewa juu yake. Gereji iliyotufungia turbo sisi ilifanya hivyo kwa siku tatu.

Kwa nini mkandamizo ni jambo zito hivyo? Kwa sababu hewa ikibanwa hupata joto. Kila aliyewahi kulitia baiskeli upepo kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu inavyochoma vidole. Mchanganyiko ukibanwa kupita kiasi, au ukiingia silindani ukiwa umekwishapata moto, sehemu yake huripuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Badala ya msukumo wa taratibu unaoitelemsha pistoni, linakuja pigo. Mafundi husema injini inagonga. Ikigonga kidogo husikika kama changarawe ndani ya kopo. Ikigonga sana huvunja kingo nyembamba za pistoni zinazoshikilia ringi, au hutoboa pistoni juu yake kama sigara inavyotoboa karatasi. Mara nyingine, kwa kelele za barabara na muziki, dereva hasikii lolote.

Wamarekani walilijua hili mapema. Mwaka 1962 kampuni ya General Motors ilitoa Oldsmobile Jetfire, mojawapo ya magari mawili ya kwanza ya abiria kuuzwa na turbo, na mkandamizo wake waliuacha juu, 10.25. Ili injini isigonge, waliweka tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, yanyunyizwe pamoja na petroli. Wenye magari wakasahau kulijaza. Likikauka, kifaa maalumu kiliipunguzia turbo nguvu ili kuiokoa injini, na watu wakalalamika kwamba gari ni zito. Biashara ile ilikwisha mwaka 1963. Tunaikumbuka kila tunaposikia fundi akimwambia kijana, "Utakumbuka tu kutia petroli ya 98." Atakumbuka Maskati. Usiku wa manane katikati ya jangwa, kwenye kituo chenye 91 na 95 tu, atatia anachokikuta.

Tukija kwenye joto la nchi hizi, hapa ndipo sisi wa Ghuba tunapotofautiana na ndugu zetu wa Leicester au Toronto, na hapa ndipo ile faili ya kompyuta ilipotuponza. Tuchukue siku ya digrii 20. Turbo ya kawaida ikiongeza nusu ba, hewa hutoka ndani yake ikiwa na digrii 70 hivi. Siku ya digrii 45, kwa kazi ileile, hutoka na digrii 100. Kuna kipoozaji kinachowekwa mbele ya gari, intakula, ambacho huipunguzia hewa hiyo joto kabla haijaingia silindani. Lakini intakula hupozwa kwa upepo wa nje, na upepo wa nje ni huohuo wa digrii 45, mbali na ule unaopanda kutoka kwenye lami. Haiwezi kushuka chini ya hapo. Tena imefungwa mbele ya rejeta na mbele ya kipoozaji cha kiyoyozi, kwa hivyo rejeta nayo hupokea upepo uliokwishapashwa. Mpango wa kompyuta uliopimwa mahali pa baridi huamuru plagi iwashe mapema na msukumo uwe mkubwa, kwa sababu huko inawezekana. Gari letu lilipimwa Disemba, wakati hata Maskati mtu hutoka na shati la mikono mirefu. Lilikufa Juni.

Tulimwuliza yule fundi aliyelifungua kama ni joto lililokata konrodi. Akasema ni joto na uroho pamoja, nasi tukamwomba aueleze uroho.

Maelezo yake yalikuwa hivi. Vijana hupenda kutaja nguvu za farasi, lakini konrodi haizijui farasi. Konrodi inajua pigo linaloiangukia kila silinda inapowaka, na pigo hilo ndilo linalozaa ile nguvu ya kusokota ambayo mafundi huiita toki. Injini ya 86 kwa asili hutoa toki yake kubwa juu sana, karibu na mizunguko 6,500, na katikati, baina ya 3,500 na 4,500, ina bonde ambalo kila mwenye gari hilo analilalamikia. Ni bonde hilo linalomfanya kijana atake turbo. Turbo ndogo hulijaza vizuri sana: kwenye mizunguko 3,500 hewa tele imekwishaingia, na gari linasukuma mgongo wa dereva kitini. Lakini pigo kubwa katika mizunguko ya chini ndilo baya kuliko yote kwa konrodi nyembamba, kwani pistoni inakwenda polepole na mripuko unapata muda wa kuikandamiza. Konrodi inapinda. Haikatiki siku hiyo. Hupinda kidogo, kesho kidogo tena. Mafundi waliozizoea injini hizi husema konrodi za kiwandani hazistahimili sana kupita nguvu za farasi 300 zinazopimwa magurudumuni, na hapo ni kwa mpango mzuri na petroli nzuri. Kijana wetu alikuwa na 290 na cheti chake, akiamini amebakiza 10. Cheti hakikuandika toki ilikuwa ngapi kwenye mizunguko 3,500, wala hakuna aliyeuliza.

Ndiyo maana supachaja ya aina ya feni, ambayo msukumo wake hukua taratibu kadiri injini inavyozunguka, huwa na huruma zaidi kwa konrodi kuliko turbo ndogo yenye haraka, hata kama mwishoni zote mbili zinatoa idadi moja ya farasi. Haina raha ileile. Kijana akiambiwa hivyo hukunja uso.

Oili nayo ina habari yake. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ukielea juu ya utando wa oili, na upande wa moshi chuma huweza kufika digrii 900. Oili hiyohiyo ndiyo inayorudi kulainisha beringi za kranki. Ile 86 ya kwanza haikuja na kipoozaji cha oili kutoka kiwandani, na kiwanda kiliipangia oili nyepesi, 0W-20, kwa ajili ya kubana matumizi ya petroli. Mtu akifunga turbo bila kuongeza kipoozaji cha oili, amempa mpishi mmoja kazi ya wapishi wawili na jiko moja. Akizima gari ghafla baada ya kulikimbiza, oili iliyobaki ndani ya turbo huungua na kuwa masizi. Dakika mbili za kuacha injini inguruma polepole zingetosha, lakini nani mwenye dakika mbili akichelewa kazini?

Na petroli: hewa ikizidi lazima nayo izidi, tena kwa wingi kuliko kawaida, kwa sababu petroli ya ziada hupoza silinda. Pampu na nozeli za kiwandani zilipimwa kwa farasi 200. Zikifika ukomo wake, mchanganyiko hukauka hasa pale injini inapobeba mzigo mzito, yaani mlimani, nyuma ya lori, kiyoyozi kikifanya kazi. Klachi itateleza kabla ya hapo, na klachi inayoteleza tumeanza kuiona ni rehema, maana angalau inampunguza mtu kasi.

Msomaji aweza kutuuliza, basi mmekataza? Hatujakataza. Wapo wenye magari haya yenye turbo yanayotembea miaka, nasi tumewatafuta tukazungumza nao. Jambo moja tuliloliona kwao ni kwamba fedha nyingi hawakuzitumia kwenye turbo. Kabla ya kufunga chochote walipimisha mkandamizo wa kila silinda, na uvujaji wake, wakaijua afya ya injini. Waliweka kipoozaji cha oili na saa ya kuonesha joto la oili na saa ya kuonesha mchanganyiko, mahali dereva anapoweza kuziona bila kuinama. Msukumo wakauacha mdogo, na toki ya chini wakaibana kwa kompyuta. Mpango ukaandikwa hapahapa, juu ya mashine ya kupimia, mchana wa kiangazi. Wale waliotaka zaidi ya hapo walifungua injini kwanza, wakatia konrodi na pistoni za kufuliwa zenye mkandamizo wa chini, na gharama ikapita ile ya turbo yenyewe. Mmoja wao hubadilisha oili kila kilomita 4,000 na hana mzaha. Tena wengi wao wana gari la pili la kuendea kazini. Kijana wetu hakuwa nalo, na alipoteza wiki sita akipanda gari za watu.

Kuna na karatasi. Wakala wa gari hatafikiri mara mbili kuikataa dhamana ya injini iliyofungwa turbo mtaani. Bima ni jambo zito zaidi: ndugu zetu walioko Uingereza wanajua kwamba badiliko lolote la gari lazima bima iambiwe, na asiyesema aweza kukuta siku ya ajali hana bima kabisa, hata kama ajali yenyewe haikuhusiana na injini. Hapa Ghuba nako ukaguzi wa gari na ruhusa ya mabadiliko vina masharti yake. Mtu aende akaulize kwa wahusika kabla, si baada. Sisi tulimwuliza mwenye gereji, naye akasema hakuna tatizo. Alikuwa sahihi, kwa upande wake.

Kama tungerudishwa nyuma, fedha zilezile tungezitumia vingine. Kubadilisha manifoldi ya moshi na kuandika upya mpango wa kompyuta, bila turbo, hulifukia lile bonde la katikati kwa sehemu kubwa, na injini hubaki katika hali aliyoikusudia muundaji. Mwenye uwezo aliuze la zamani atafute GR86 ya lita 2.4, ambayo hutoa karibu farasi 230 bila feni yoyote, na toki yake kubwa ya Nm 250 inapatikana kwenye mizunguko 3,700 tu. Lile bonde wamelifukia wenyewe kiwandani. Anayetaka turbo kwa dhati anunue gari lililozaliwa nayo.

Kijana wetu sasa anaendesha 86 lilelile kwa injini iliyotumika, isiyo na turbo, anayotulipa kidogokidogo kila mwezi. Turbo iko stoo ndani ya gunia, na ameiulizia mara mbili. Zile konrodi tatu zilizopinda tunazo nyumbani, zimefungwa katika gazeti. Mzazi atakayependa kuzitazama aje baada ya sala ya Ijumaa, na amlete mwanawe.